Kassimu, Mzaliwa wa Rumonge

Barua zote za Kassimu nilizipiga mimi kwa mashine, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na kila moja nilijiwekea nakala. Ni kumi na nne. Siku hizi nikisikia mtu anasema Kassimu alikuwa mtu wa kesi, mgomvi asiyejua kushukuru, natamani kumtupia zote kumi na nne usoni. Kassimu hakuwa mgomvi. Mgomvi ni mimi. Ulizia hapa Rumonge habari za Sabine wa mashine, utaambiwa, na atakayekuambia ataongeza chumvi.

Kwa kabila mimi ni Mushi, wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nilivuka mwaka wa sitini na mashine yangu ya kuandikia, nikapata kazi katika ofisi ya parokia. Asubuhi niliwaandikia mapadri, mchana nilikaa barazani kwangu nikiwaandikia watu barua za ofisini. Nilijua sheria kidogo, na kidogo hicho nilikiamini sana. Hilo nalisema mapema ili msomaji asinionee huruma huko mbele.

Kassimu bin Nasoro alikuwa kapita katika kiwanda cha mawese kwenye njia ya Gatete. Kapita ni msimamizi, ila yeye hakusimamia kwa kufoka. Kazi yake ilikuwa kwenye mapipa makubwa ya chuma yanayopikia chikichi kwa mvuke. Alikuwa na kipande cha nondo. Aligonga pipa mara mbili, akatega sikio, kisha akasema "Bado" au "Imeiva". Chikichi ikitoka mapema haikamuliki, ikichelewa mafuta yanaungua. Miaka kumi na saba alisikiliza mapipa yale, na wenzake wanaapa kwamba hakukosea zaidi ya mara tatu.

Siku ya uhuru, mwaka wa sitini na mbili, yeye ndiye aliyepuliza honi ya kiwanda. Aliipuliza mpaka direkta wa wakati ule, Mzungu mmoja mnene, akatoka mbio amevaa ndara akidhani moto umewaka.

"Moto uko wapi?" akauliza.

"Hakuna moto, patron," Kassimu akamjibu. "Iko uhuru."

Alisimamishwa kazi siku mbili, na siku zote mbili alicheza ngoma. Alikuwa Murundi kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuwa. Kitovu chake kilizikwa nyuma ya jiko la mama yake, katika mtaa wa Waswahili, hatua mia mbili kutoka ziwani. Mke wake, Sharifa, ndiye aliyekuwa mgeni, binti wa Kigoma, na Kassimu alikuwa akimtania kwamba amemhurumia kwa kumleta kwenye nchi ya watu.

Sasa nieleze habari ya kitabu, maana balaa lote lilianzia hapo. Tangu wakati wa Mbelgiji kila mtu mzima alikuwa na kijitabu cha utambulisho mfukoni. Sisi tulikiita kitabu tu. Baba yake Kassimu, mzee Nasoro, alikuwa muuza chumvi, mzaliwa wa hapahapa. Ujiji alifika mara mbili maishani mwake, na mara moja kati ya hizo alikuwa hoi kwa homa. Lakini enzi zile mtu wa Ujiji alikuwa mtu. Alijua msahafu, kanzu yake ilikuwa safi, na shefu, yaani chifu, hakuthubutu kumwita kwenda kulima barabara. Basi karani wa Mbelgiji alipopita akiuliza, "Mtoto huyu alizaliwa wapi?" mzee Nasoro alinyoosha shingo akasema, "Ujiji." Karani akaandika. Nasoro hakuwa peke yake. Nusu ya mtaa iliandikwa hivyo, na nakumbuka wazee walilisema neno hilo kama mtu anayevaa kofia mpya ya Idi.

Nasoro alikufa mwaka wa hamsini na nane. Alimwacha mjane wake, Esha, mama yake Kassimu, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ndogo, ambaye hakuwahi kula chakula cha mchana bila kumtaja marehemu.

Mwaka wa sitini na tisa kiwanda kilipata direkta mwingine. Huyu aliomba vitabu vya makapita wote, akavisoma kimoja kimoja, na baada ya wiki Kassimu akapewa barua ya mistari mitano. Nafasi za ukapita, ilisema, ni za wananchi. Wewe, kwa mujibu wa kitabu chako, ni mzaliwa wa Ujiji, kwa hiyo ni mgeni. Kazi yako imekwisha. Aliyewekwa mahali pake alikuwa na miezi mitano tu kiwandani, na wiki ya kwanza aliunguza pipa zima. Simlaumu, alipewa nondo, hakupewa sikio.

Kassimu alikuja barazani kwangu na barua ile ameikunja mara nne.

"Amahoro, mama Sabine," alisema. "Hawa bantu wananiambia niende kwetu. Sasa mimi nawauliza wewe na wao: kwetu iko wapi?"

Niliipiga barua ya kwanza palepale, kwa hasira, hata herufi zikatoboa karatasi. Direkta hakujibu. Ya pili hakujibu. Tukaenda kwa inspekta wa kazi, Bujumbura, ambaye kazi yake ni kuwaita mwajiri na mfanyakazi awapatanishe. Alimwita direkta mara tatu. Mara ya tatu direkta akamtuma dereva wake. Inspekta alikuwa mtu wa adabu, alitupa pole nyingi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwisho aliandika karatasi kwamba usuluhishi umeshindikana, na karatasi hiyo ndiyo iliyotufungulia mlango wa tribinali, yaani korti ya kazi.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, nami nilimwambia hivyo. Hatukuhitaji kuthibitisha kwamba yeye ni kapita mzuri. Hilo hata kiwanda hakikulikana. Tulihitaji kuthibitisha kitu kimoja: kwamba alizaliwa Rumonge na kuandikwa Ujiji kwa maneno ya baba. Na shahidi alikuwepo, hai, mwenye akili zake timamu. Nani ajuaye mtoto alizaliwa wapi kuliko tumbo lililomzaa?

Tulikwenda naye Esha, Machi ya mwaka wa sabini. Alivaa kanga mpya. Njia nzima nilimfundisha. "Mama, ukiulizwa, sema Rumonge, nyumbani kwangu. Basi. Usiongeze kitu." Akawa anaitikia, "Ndiyo, binti yangu." Alipofika mbele ya jaji aliapishwa, halafu jaji, mtu mpole tu, akachukua kile kitabu mezani akakiinua.

"Mama, hapa bwana yako alisema mutoto alizaliwa Ujiji. Kama si kweli, basi bwana yako alidanganya serikali. Alidanganya?"

Esha alikitazama kitabu. 

"Bwana yangu hakudanganya hata siku moja," alisema.

"Basi mutoto alizaliwa Ujiji."

"Kama Nasoro alisema Ujiji," akajibu kwa ile sauti yake ndogo, "iko Ujiji."

Nilitaka kusimama nimtikise. Kassimu alinishika mkono. Hukumu ilisomwa kabla ya adhuhuri: mlalamikaji ni mgeni kwa ushahidi wa mama yake mwenyewe, kiwanda hakina kosa.

Tulirudi nyuma ya lori la magunia ya muhogo.  Esha alikuwa amejifunika uso wote. Tulipopita Kabezi, Kassimu akasema, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoumiza, "Mama, umemutetea baba. Na mimi, nani atanitetea?"  Nami nililia, nikisingizia vumbi.

Baada ya hapo Kassimu alivua ndagala, dagaa wa huku, usiku na wavuvi wa kukodiwa, mtu wa mapipa aliyegeuka mtu wa nyavu akiwa na karibu miaka arobaini. Mchana aliketi mahali ambapo honi ya kiwanda ilisikika vizuri. Kuna siku nilimkuta anagonga sufuria ya Sharifa kwa kijiko, mara mbili, anatega sikio. Aliponiona alicheka kwa aibu. Mimi sikuweza kucheka naye.

Sheria ilitupa siku thelathini za kukata rufaa. Watu walisema "kupiga apeli". Siku ya ishirini Esha alikuja kwangu peke yake na chupa ya mawese mapya. Alikaa chini, akakataa kiti.

"Sabine, binti yangu. Nasoro alidanganya," alisema. Kisha akatazama pande zote, kana kwamba marehemu angesikia. "Alidanganya kwa kutupenda. Nipeleke tena, nitasema."

Ningemshukuru. Ningemkumbatia. Badala yake nilimjibu kwa ulimi wangu huu, ambao Mungu angenisaidia kuukata: "Mama, mudomo wako tuliuona. Safari hii tutakwenda na karatasi."

Rufaa tuliiandikisha siku zikiwa hazijaisha, na karatasi nilizitafuta, jamani. Nilimpeleka Kassimu kommune, ofisi ya tarafa, na mashahidi wawili, mkunga mmoja kipofu na jirani wa zamani. Ilichukua mwaka mzima na zaidi kwenda na kurudi, njoo kesho, njoo Jumanne, lakini mwisho akapewa cheti chenye muhuri mkubwa wa rangi ya zambarau: Kassimu bin Nasoro, mzaliwa wa Rumonge, Murundi. Halafu nikatoa shauri langu la busara. Nilimwambia, "Kile kitabu cha uongo usikae nacho. Majaji wakikukuta na vyote viwili watasema una nchi mbili. Tukiweke kortini, ndani ya dosie, lile faili la rufaa, waone umekikana." Alisita. Alisema kile kilikuwa kitu cha pekee chenye neno la baba yake. Nikamwambia baba yake ndiye aliyemfukuzisha kazi. Basi akakitoa. Grefie, yaani karani wa korti, alikipokea, akakiandika kwenye daftari, akatuambia tungoje tarehe.

Cheti kile Kassimu alikifunga kwenye nailoni, akawa anatembea nacho kifuani. Aliwaonyesha wauza ndagala. Alimwonyesha kinyozi. Alimwonyesha hata yule kijana aliyechukua nondo yake, na kijana, kwa heshima, akasimama kukisoma. "Kawia ufike," nilikuwa nikimwambia kila akiuliza habari za tarehe. "Rufaa iko njiani." Naye akawa anasema kwamba akirudishwa kazini, siku ya kwanza atapuliza honi.

Kisha ukafika mwisho wa Aprili, mwaka wa sabini na mbili.

Sitaeleza yote. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo hataamini. Siku za kwanza waliuawa jirani zetu hawa, na wiki zilizofuata wakauawa jirani zetu wale, na waliobaki katikati wakauawa kwa kuwa katikati. Mimi nilijificha kwa masista, chini ya ngazi, pamoja na wanawake tisa. Haya ya pwani nayaandika kama Esha alivyonisimulia, na amenisimulia mara nyingi bila kubadilisha neno.

Katika wiki ya tatu ya Mei ilitangazwa kwamba wageni wenye vitabu vya Kigoma na Ujiji wanaweza kupanda boti waende kwao. Watu wenye bunduki waliweka meza pale boti zinapofikia. Mgeni alipelekwa upande wa maji. Mwenyeji, kama ni mwanamume, alipelekwa upande wa barabara, na barabarani palikuwa na kamyo, lori ambalo aliyepanda hakurudi. Asiye na karatasi yoyote alisukumwa kwenye kamyo bila kuulizwa hata jina.

Sharifa alipita na watoto wanne, kitabu chake cha Kigoma kiliwatosha wote. Nyuma yake alikuwa Kassimu, na mama yake kamshika mkono. Kati yake na Sharifa walikuwa wanaume watano wa mtaa wetu, wana wa wale wazee wa kofia ya Idi, wazaliwa wa Rumonge kama yeye. Kila mmoja alitoa kitabu kilichoandikwa Ujiji. Wote watano walipita.

Kassimu alitoa nailoni kifuani, akaifungua, akaweka cheti mezani.

"Rumonge," yule wa mezani akasoma. "Murundi. Pita huku."

Ndipo Esha akapiga kelele. Yeye, mwenye sauti ndogo! "Huyu mutoto iko wa Ujiji! Nilimuzaa Ujiji, mimi mwenyewe! Baba yake aliandikisha Ujiji!" Alipiga magoti, akashika miguu ya meza, akaapa kwa msahafu, kwa maziwa yake, kwa kaburi la Nasoro.

Yule mtu hakukasirika. Alimwonyesha muhuri. "Mama muzee," akamwambia, "karatasi ya kommune haisemi uongo."

Kassimu alivua kofia yake ya kitambaa, akampa mama yake. "Nishikie, mama," alisema. "Upepo utaibeba kule kwenye kamyo." Akaenda upande wa barabara. Sharifa alikuwa ndani ya boti tayari, na boti haikungoja.

Hakuonekana tena. Hakuna kaburi, hakuna cheti cha kifo. Alisaliwa bila jeneza, nyumbani, mlango umefungwa.

Na mnajua? Korti haikusahau. Binadamu husahau, korti ina daftari. Mwezi wa Novemba ulikuja mwito, umepigwa mashine vizuri kuliko yangu: Kassimu bin Nasoro dhidi ya kiwanda, rufaa itasikilizwa Alhamisi saa tatu, mrufani afike yeye mwenyewe. Niliusoma barazani nikacheka kicheko kibaya, nikataka kuuchoma. Esha akaninyang'anya.

"Tutakwenda," alisema.

"Kufanya nini, mama?"

"Waliniuliza kitu. Sikuwajibu."

Tukaenda. Chumba kilikuwa kitupu kuliko mara ya kwanza, na jaji hakuwa yule. Grefie aliita jina la Kassimu mara tatu, kama inavyopasa. Mara ya tatu Esha akasimama.

"Mrufani yuko wapi?" jaji akauliza.

"Hayuko," nikasema.

"Ni mgonjwa? Amesafiri? Amekufa? Kama amekufa nionyeshe cheti."

Wakili wa kiwanda akatazama kucha zake.  Esha alikwenda mpaka pale mashahidi wanaposimama. Hakungoja kuapishwa.

"Mutoto wangu Kassimu alizaliwa Rumonge," alisema, na kila mtu mle alisikia. "Nyumbani kwangu, siku ya Jumatatu, mvua inanyesha. Kitovu chake nilikizika nyuma ya jiko. Baba yake alidanganya. Mimi pia nilidanganya hapa, mara moja, na kule ziwani mara ya pili. Leo nasema kweli. Andika."

 Jaji alikuwa kijana, na nadhani alielewa, maana alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha alimwambia Esha kwa upole kwamba ushahidi hauwezi kupokelewa kama mwenye kesi hayupo. Grefie akaandika: mrufani hakufika, rufaa imefutwa. Kitabu kilichowekwa kortini warudishiwe jamaa. Esha alibonyeza kidole kwenye wino, akakipokea.

Njiani kurudi tulikaa tena nyuma ya lori. Karibu na Muhuta alikifungua kitabu, akanipa.

"Nisomee palipoandikwa."

Nikamsomea. Jina: Kassimu bin Nasoro. Mahali pa kuzaliwa: Ujiji.

Alikichukua, akakiweka ndani ya ile kofia ya Kassimu, akaifunga kwa pindo la kanga. Nilijua lazima niseme. Miezi sita nilikuwa nimelala na neno hilo na kuamka nalo.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia akitoe."

"Najua."

"Kingekuwa mufukoni mwake siku ile..."

"Najua, Sabine. Na ulimuambia akitoe kwa sababu mimi nilikataa kusema." Lori liliruka shimo, akanishika goti asianguke, na mkono wake akauacha palepale. "Basi tuko wawili."

Mpaka leo, kila akikamua, huniletea chupa ya kwanza ya mawese. Naipokea. Nampikia, tunakula pamoja, na honi ya kiwanda ikilia saa sita, sote wawili tunaacha kutafuna mpaka inyamaze.